Nani Anamuua Kinyonga Mzazi?

Muulize mtu wa Kamachumu, Nshamba au Katerero, mkoani Kagera, kinyonga anazaaje, na jibu litakuja bila kusitasita: anapanda juu ya mti, anajiachia, tumbo linapasuka, watoto wanatoka na mama anakufa papo hapo. Wengine watakuongezea kwamba ndiyo maana hakuna kinyonga aliyewahi kumwona mama yake. Imani hii si ya Kagera peke yake. Imeenea nchi nzima, na siku hizi inazunguka kwenye simu pamoja na picha ya kinyonga mnene na maneno ya kumsifu mama aliyejitoa mhanga.

Kama maelezo ya namna mnyama anavyozaa, imani hiyo haina ukweli. Hata hivyo imegusa penyewe. Kwa kinyonga jike, uzazi kweli ni kipindi cha hatari. Kwenye vizimba vya Ulaya na Marekani, ambako vinyonga wa Afrika Mashariki, Madagascar na Yemen wanafugwa sebuleni, matatizo ya mayai ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowafikisha majike kwa daktari wa wanyama, na wengi hufika wakiwa wamechelewa. Wa porini anataga na kuendelea na maisha yake. Wa kizimbani, mwenye chakula kila siku na taa ya umeme kichwani, ndiye anayekufa na mayai tumboni. Tofauti hiyo inadai maelezo, na ninavyoona mimi, jibu lake liko kwenye mlo na kwenye jua kuliko kwenye uzazi wenyewe.

Kagera ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu hapa njia mbili za uzazi wa vinyonga zinakutana. Kuna Chamaeleo dilepis, yule mkubwa wa kijani mwenye vikunjo viwili vya ngozi nyuma ya kichwa, anayeonekana karibu Tanzania nzima. Huyu hutaga mayai. Na kuna Trioceros ellioti, mdogo, mwembamba, mwenye mistari ubavuni, wa Uganda, Rwanda, Burundi, magharibi mwa Kenya na pembe hii yetu ya kaskazini-magharibi. Aliandikwa kisayansi mwaka 1895 na Albert Günther wa jumba la makumbusho la London, akapewa jina la Scott Elliot, mtaalamu wa mimea wa Uskoti aliyekuwa ametoka kuzuru Ruwenzori. Huyu hatagi. Anabeba mimba na kuzaa watoto walio hai. Makazi yake ni nyasi ndefu na vichaka vya kando ya njia, kwa hiyo watoto wanaochunga mbuzi wanamjua kuliko wasomi.

Siku ya kujifungua ikifika, jike wa Elliot huzunguka matawini bila kutulia, kisha huinua mkia na kujisogeza ukingoni mwa tawi. Kinachotoka ni kifuko chepesi chenye utelezi, na ndani yake mtoto amejikunja. Kifuko kinanasa kwenye jani au kinadondoka chini. Kwa muda kinatulia. Halafu kinaanza kutikisika, utando unachanika, na kitoto cha sentimita chache kinajinyoosha, kinashika jani la kwanza kinalolifikia na kuanza kupanda. Mama yake keshasogea hatua mbili tatu, anadondosha wa pili. Mtu anayepita chini wakati huo anaona nini? Anaona kinyonga aliyevimba juu, anasikia kitu kikianguka, anakuta utando uliopasuka na vitoto vikitambaa. Akirudi baadaye anamkuta mama amenywea, ubavu umeingia ndani, ngozi imelegea. Hadithi ya tumbo lililopasuka ilianzishwa, nadhani, na mtu mwenye macho mazuri ambaye hakukaa mpaka mwisho.

Dilepis naye angeweza kuzusha hadithi ya kwake. Siku chache kabla ya kutaga anaacha kula na kushuka chini, jambo ambalo kinyonga halifanyi bila sababu. Anatembea akijaribu udongo hapa na pale. Akipata anaoutaka, wenye unyevu lakini usiotuama maji, anachimba kwa miguu ya mbele na kusukuma udongo nyuma, anaingia kichwa mbele mpaka ukabaki mkia tu nje. Kazi hiyo inaweza kummalizia siku nzima. Kisha anageuka, makalio chini shimoni, na kutaga mayai 20, 40, wakati mwingine zaidi ya 50, meupe, yenye ganda laini la ngozi. Akimaliza anafukia, anakanyagakanyaga juu na kurudi mtini akiwa na udongo usoni, amekonda kiasi cha kutotambulika. Mayai yanakaa ardhini miezi mingi, mara nyingi yakikaribia mwaka.

Idadi ya mayai hayo haikuamuliwa siku ya kuchimba. Iliamuliwa wiki nyingi kabla, na aliyeiamua ni chakula. Ubongo wa kinyonga unapokea habari za joto, mwanga na unene wa mwili. Sehemu iitwayo hipothalamasi inaiamuru tezi pituitari, nayo inatuma homoni zake kwenye ovari. Ovari zikiamka zinatoa estrojeni. Estrojeni inakwenda kwenye ini na kulipa kazi mpya kabisa, yaani kutengeneza vitelojenini, protini inayobeba mafuta na madini kupitia damu mpaka kwenye kiini cha kila yai. Hapo mafuta yaliyohifadhiwa tumboni yanaanza kuyeyushwa. Mayai yakishaingia kwenye mirija, projesteroni inashika usukani: inatuliza misuli ya mirija ili mayai, au mimba kwa wale wanaozaa, yasitoke kabla ya wakati. Siku ya kutaga projesteroni inashuka, na vasotosini pamoja na prostaglandini zinaifanya misuli hiyo ikaze na kusukuma.

Kwa kinyonga wa Yemen, Chamaeleo calyptratus, ambaye ndiye anayefugwa zaidi duniani leo, mabadiliko hayo ya homoni yanasomeka kwenye ngozi. Jike aliye tayari kupandwa anabaki na kijani chake cha kawaida chenye madoa hafifu ya buluu. Akishapandwa, ndani ya muda mfupi anageuka rangi ya giza, madoa ya njano na buluu yanang'aa, na dume akimsogelea anapanua mdomo, anayumba na kumtishia. Watu wanaosema kinyonga anabadilika rangi ili ajifiche wangetazama jike mwenye mayai: amevaa rangi za kuonekana kutoka mbali, na ujumbe wake kwa dume ni mmoja tu, nenda zako. Tena akipandwa mara moja anaweza kuhifadhi mbegu na kutaga mzao mwingine wenye rutuba bila kukutana na dume tena.

Sasa tuje kwenye madini, maana hapa ndipo vifo vingi vinapoanzia. Mfugaji wa kuku wa mayai wa Bukoba analijua somo hili kwa vitendo. Kuku anayetaga anahitaji chakula chenye kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, mara tatu au nne ya anayohitaji kifaranga, na akikosa anaichukua kwenye mifupa yake mpaka miguu inashindwa kumbeba. Ndiyo maana watu wananunua chokaa ya mifugo, wanasaga maganda ya konokono, wanachanganya dagaa wa ziwani. Kinyonga ana deni lilelile, isipokuwa ratiba yake ni tofauti. Kuku anaweka kalsiamu yake nyingi kwenye ganda, siku ya mwisho. Ganda la yai la kinyonga ni jembamba, na kalsiamu ambayo mtoto ataitumia kujenga mifupa iko zaidi ndani ya kiini, iliyobebwa huko na vitelojenini wiki kadhaa kabla ya kutaga. Kwa hiyo mfugaji anayeanza kunyunyizia wadudu unga wa kalsiamu pale anapoona tumbo limevimba, ameanza baada ya treni kuondoka. Mifupa imeshakopwa.

Kalsiamu inayobaki kwenye damu ina kazi nyingine: bila hiyo misuli haikazi. Jike aliyekwisha kutoa akiba yake yote kwenye viini 40 anafika siku ya kutaga akiwa na mirija isiyoweza kusukuma. Anachimba, anaacha, anachimba tena pengine, anachoka, anafumba macho mchana. Kinyonga mzima hafumbi macho mchana. Mtu anayefuga akiona hivyo asisubiri kesho.

Je, wadudu hawana kalsiamu? Wanayo, lakini kidogo, na tatizo kubwa ni kwamba fosforasi yao ni nyingi zaidi. Mlo unaofaa kwa mjusi anayetaga ungekuwa na kalsiamu mara mbili ya fosforasi. Nyenje wanaouzwa kwa wafugaji wa Ulaya wana hesabu iliyopinduka: fosforasi mara kadhaa ya kalsiamu, na fosforasi ikizidi huzuia kalsiamu isifyonzwe. Senene wetu hawaokoi hali. Ruspolia differens, fahari ya Bukoba kila Novemba na Desemba, wakati taa kali za mitego ya mabati zinapowaka usiku kucha, wamepimwa na wataalamu wa lishe wa Kenya na kukutwa na protini zaidi ya theluthi ya uzito wao mkavu na mafuta yanayokaribia nusu, lakini kalsiamu yao ni kidogo na fosforasi inaizidi karibu mara tano. Kwa binadamu anayekula senene pamoja na ndizi, maharage na dagaa hilo si neno. Kwa kinyonga ambaye asingepewa kitu kingine ila senene, lingekuwa janga la taratibu, na ile nusu ya mafuta ingeongeza janga la pili tutakalolifikia.

Hapa inafaa kusema jambo kuhusu maduka ya pembejeo. Mtu akiambiwa kinyonga anahitaji kalsiamu, haraka atafikiria ile DCP anayochanganyia kuku au ng'ombe. DCP ina kalsiamu na fosforasi pamoja. Mnyama anayekula nafaka anaihitaji, kwa kuwa fosforasi ya nafaka haifyonzwi vizuri. Anayekula wadudu ana fosforasi ya kumwaga tayari. Anachotaka ni chokaa safi, yaani kalsiamu kaboneti isiyo na fosforasi. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa kama poda yanafanya kazi hiyo bila gharama.

Lakini kama wadudu wa porini nao wana kalsiamu kidogo, kinyonga wa kibanjani anaishije? Sehemu ya jibu ni mchanganyiko. Kibanja cha Kihaya kina migomba, mibuni, maharage, maboga, miti ya kivuli na ua wa mipaka, na kila mmea una wadudu wake: panzi, nzi wa ndizi zilizoiva, nyuki, viwavi, mende wa majani. Kila mdudu amekula kitu tofauti, na kinyonga anapommeza anameza pia majani na vumbi vilivyomo tumboni mwake. Wafugaji wa kisasa wamelijua hilo, ndiyo sababu siku hizi wanawalisha nyenje majani mabichi, karoti na unga wenye madini siku moja au mbili kabla ya kuwatoa. Mdudu mwenye tumbo tupu ni ganda tu.

Sehemu kubwa ya jibu, hata hivyo, ni jua. Bukoba iko karibu digrii moja na theluthi kusini mwa Ikweta, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mionzi ya urujuanimno ya mchana wa hapa, hasa ile ya mawimbi ya nanomita 290 hadi 315, ina nguvu kubwa mwaka mzima, na ndiyo inayoifanya ngozi itengeneze vitamini D. Bila vitamini D, kalsiamu inapita tumboni na kutoka na kinyesi. Kioo cha dirisha kinazuia mionzi hiyo karibu yote. Kwa hiyo kinyonga aliyewekwa kwenye dirisha lenye jua zuri la Stockholm anapata joto na mwanga bila kile alichokifuata. Taa maalumu zipo, ila nyingi zinaishiwa mionzi hiyo ndani ya mwaka huku zikiendelea kuwaka vizuri kwa macho ya mwenye nyumba.

Gary Ferguson na wenzake wa Texas Christian University walilichunguza jambo hili kwa kinyonga wa Madagascar, Furcifer pardalis. Majike waliolishwa vitamini D kidogo lakini wakapata mionzi ya kutosha walitaga mayai yaliyoanguliwa vizuri zaidi kuliko ya wale waliokosa mionzi. Mwaka 2003 kikundi hicho kilionyesha kitu kilichonivutia zaidi: kinyonga aliye na vitamini D kidogo mwilini anakwenda mwenyewe kukaa kwenye mionzi kwa muda mrefu, na aliye na ya kutosha anajiondoa. Mnyama anajipimia. Anahitaji tu apewe nafasi ya kuchagua, jua huku na kivuli kule, jambo ambalo mgomba mmoja unalitoa bure na kizimba kidogo cha kioo hakiwezi. Mwaka 2010 watafiti wa Uswisi waliokuza watoto wa kinyonga wa Yemen walikuta picha inayofanana upande wa mifupa: waliokuwa salama kuliko wote ni waliopata taa ya mionzi pamoja na kalsiamu, vitamini A na vitamini D.

Vitamini A ina ukorofi wake. Wadudu wengi wana kiasi kidogo sana, na kinyonga aliyeikosa anavimba macho, anashindwa kulenga ulimi, anachubuka vibaya, na kuta za mirija ya mayai zinakauka na kuwa ngumu. Ikizidi nayo ni sumu, kwa sababu inahifadhiwa kwenye ini badala ya kutoka na mkojo, na inaweza kupingana na vitamini D. Dozi za ovyo za matone ya watoto zimewadhuru vinyonga wengi. Kidogo, kwa nadra, yatosha.

Nimesema kuna janga la pili. Ni shibe. Mtu akipenda mnyama wake anamlisha, na hapa upendo unaua. Mwili wa kinyonga wa Yemen umeundwa kwa nchi yenye msimu mfupi wa neema: mvua ikija, wadudu wakijaa, jike anageuza kila anachokula kuwa mayai, kwa sababu hajui kama atauona mwaka mwingine. Kizimbani msimu wa neema hauishi. Kila siku nyenje, kila siku joto la juu. Ubongo unasoma habari hiyo na kuagiza mayai. Jike anakomaa akiwa na miezi minne au mitano, kabla mifupa yake haijamaliza kukua, na anaweza kutaga mara mbili au tatu kwa mwaka, mayai 60, 80, na zaidi. Wala hahitaji dume. Mayai yasiyo na mbegu yanagharimu kalsiamu na mafuta sawasawa na yenye mbegu. Wafugaji wengi wapya hawajui hilo. Wananunua jike mmoja, wanajihakikishia kwamba hatazaa, na hawamwekei hata ndoo ya mchanga wa kuchimbia.

Waliokaa na wanyama hawa muda mrefu wamebadili mwenendo. Wanashusha joto la mahali pa kuotea mpaka kama digrii 27, na jike mzima wanampa wadudu wachache tu siku moja baada ya nyingine. Mizao inapungua, mayai yanakuwa machache, na wengine wanakaa muda mrefu bila kutaga kabisa. Hakuna dawa iliyotumika. Kilichobadilishwa ni taarifa inayofika kwenye hipothalamasi. Kwangu mimi huu ni ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba homoni za kinyonga hazijitawali. Zinatawaliwa na sahani.

Mambo yakiharibika, yanaharibika kwa njia mbili ambazo mwenye mnyama huzichanganya. Katika ya kwanza, viini vinakomaa kwenye ovari lakini havishuki, wala mwili hauvifyonzi tena. Vinakaa, vinaoza, vinapasuka na kumwaga kiini tumboni, na uvimbe unaofuata ni wa kuua. Katika ya pili, mayai yameshashuka, yana maganda, yamekwama njiani: kalsiamu imeisha, au mayai ni mengi mno, au moja limekaa vibaya, au mama hakupata udongo akayazuia mwenyewe mpaka yakakauka. Hili la mwisho linauma, kwa sababu dawa yake ilikuwa ndoo ya mchanga wenye unyevu na siku mbili za kuachwa bila kuchunguliwa.

Tiba inategemea ni ipi kati ya hizo mbili. Mayai yaliyoshuka yanaweza kutoka kwa maji, joto, sindano ya kalsiamu, na kisha oksitosini, ambayo kwa mjusi inafanya kazi ya vasotosini yake mwenyewe japo kwa udhaifu. Kalsiamu hutangulia, kwa kuwa kuiamuru misuli isukume bila madini yake ni kuichosha bure. Kwa mayai yaliyogoma kwenye ovari, oksitosini haisaidii chochote. Kinachobaki ni upasuaji wa kuziondoa ovari na mirija, na kinyonga aliyedhoofika hauvumilii kirahisi. Kipimo cha damu nacho kinahitaji akili: jike anayetengeneza viini huwa na kalsiamu nyingi sana kwenye damu kwa sababu iko njiani kwenda ovari, na daktari asiyelijua hilo anaweza kuona namba kubwa akadhani mgonjwa ameshiba madini, kumbe mifupa inaisha.

Wale wanaozaa, ndugu za Elliot, wana shida zao. Deni la kalsiamu liko vilevile, ila hawachimbi, kwa hiyo dalili ya kushuka chini haipo. Wengi ni wa nyanda za juu: wanataka usiku wa baridi, ukungu, majani yanayodondosha maji alfajiri. Kinyonga hanywi kwenye bakuli. Analamba matone, na mimba iliyokosa maji inakauka. Kwenye nyumba kavu yenye kipasha joto, mama anazaa watoto wafu au anakufa nao. Linganisha na yaliyotokea Hawaii. Mwaka 1972 kinyonga wa Jackson, Trioceros jacksonii, yule wa pembe tatu wa milima ya Kenya na wa Mlima Meru kwetu, alipelekwa Oahu kwa biashara ya wanyama wa kufuga. Wachache walioachiwa bustanini wakaingia kwenye milima yenye mvua na kuzaana mpaka leo ni tatizo kwa wadudu na konokono wa asili wa visiwa vile. Hakuna aliyewanyunyizia kalsiamu. Mnyama ambaye wafugaji wa wakati huo walimwona mgumu kufuga alihitaji tu hewa ya ubaridi, jua na mvua.

Mji wa Bukoba unapata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, na kadiri unavyokwenda magharibi mwa Muleba kuelekea hifadhi ya Burigi-Chato ndivyo inavyopungua. Kwa dilepis ukavu huo si kitu. Kwa Elliot, ziwa na umande wake ni sehemu ya mlo.

Tanzania ilikuwa kwa miaka mingi miongoni mwa nchi zilizouza vinyonga hai nje, wengi wao kutoka Usambara, Uluguru na nyanda za juu kusini. Vinyonga wa jenasi Chamaeleo, ambayo wakati huo ilikusanya wengi walio katika majenasi mapya ya leo, wako kwenye Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, tangu 1977, na wale wadogo wa chini ya majani, Rhampholeon na Rieppeleon, waliongezwa kwa uamuzi wa mkutano wa Johannesburg wa 2016. Mwaka huohuo wa 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Juni 2022 ilitangazwa kwamba wafanyabiashara wangepewa miezi sita kumalizia wanyama waliobaki kwenye mazizi yao, na kabla hata ya kuanza, aliyekuwa Waziri wa Maliasili na Utalii, Pindi Chana, akalisitisha tangazo hilo baada ya wananchi kupiga kelele.

Mjadala ule ulihusu uzalendo na mapato zaidi ya kitu kingine. Jambo moja halikusikika: kibali kinahesabu vichwa. Jike aliyekamatwa msimu wa mvua akiwa na viini vilivyokomaa anaandikwa mnyama mmoja, sawa na dume. Anakaa kwenye mfuko, halafu kwenye sanduku, halafu ndegeni, bila udongo, bila maji, bila jua, kipindi kilekile ambacho projesteroni yake inashuka na mwili unadai kutaga. Madaktari wa Ulaya na Marekani waliopokea majike wa porini wanaijua hali hiyo vizuri. Siku biashara hii ikifikiriwa upya, na itafikiriwa, kanuni ya kwanza ninayoiona ya maana ni kutokamata majike kabisa katika miezi ya kutaga.

Kwa mtu wa Kagera anayetaka kumweka mmoja nyumbani, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haimruhusu kumkamata bila kibali. Lakini hamhitaji kizimbani. Anaye uani. Kinachomwondoa hapo ni dawa za wadudu zinazopigwa mashambani bila kipimo, zinazomwachia kinyonga ama njaa ama panzi mwenye sumu. Ni moto unaochomwa kwenye rweya, yaani mbuga za nyasi. Na ni mawe ya watoto waliofundishwa kwamba ni mkosi. Na kuna jembe. Wakati wa palizi si ajabu kukuta, kina cha kiganja au zaidi, kundi la mayai meupe laini, na wengi huyaponda wakidhani ni ya nyoka. Yai la mjusi haligeuzwigeuzwi kama kuku anavyogeuza ya kwake: mtoto akishajishika upande wa juu wa ganda, ukilipindua anaweza kufa. Lililofukuliwa lirudishwe likiwa limelala vilevile lilivyokutwa, lifukiwe kwa udongo uleule wenye unyevu, na palizi ihamie mstari mwingine.